Ziara za historia Tajikistan: mwongozaji ndiye unayemlipia

Ukizilinganisha ratiba za "utamaduni na historia" zinazouzwa na kampuni za Dushanbe, utaona zinakaribiana sana: siku 12 hadi 15 ndani ya Land Cruiser, dereva, mwongozaji, malazi na milo miwili kwa siku, kwanza kaskazini kwenye bonde la mto Zarafshan, kisha mashariki kwenye milima ya Pamir. Tofauti kubwa haiandikwi kwenye karatasi. Imo kwa mtu atakayekaa kando ya dereva. Miji ya kale ya Tajikistan ilijengwa kwa udongo na matofali mabichi, na baada ya karne nyingi za mvua na theluji kilichobaki ni kuta zilizomomonyoka na matuta. Bila mtu anayejua hapa palikuwa hekalu na pale palikuwa nyumba ya mfanyabiashara, utaona vilima vya rangi ya kahawia na kurudi garini baada ya robo saa. Ukiwa na anayejua, mji wa kale wa Panjakent, kaskazini, peke yake unamaliza asubuhi nzima.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: ziara ya aina hii inastahili pesa zake kwa sehemu ya kaskazini na kwa bonde la Wakhan huko Pamir, kwa sharti kwamba mwongozaji amesomea historia ya nchi hiyo na si mkalimani aliyeongezewa cheo. Anayetaka mandhari ya Pamir tu hahitaji mwongozaji. Dereva mzuri na kibali vinamtosha, na gharama itapungua sana.

Dushanbe hupewa siku moja, na siku hiyo huharibiwa mara nyingi kwa kuchanganya makumbusho mawili. Makumbusho ya Taifa ni jengo kubwa la kisasa, na waongozaji hupenda kupeleka wageni huko kwa sababu linapendeza na lina nafasi ya mabasi. Lakini kwa ziara ya historia, mahali pa lazima ni Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale, jengo dogo zaidi katikati ya mji. Humo ndimo amelazwa Buddha wa Ajina-Teppa, sanamu ya udongo yenye urefu wa karibu mita 13, kutoka kwenye monasteri ya karne ya 7 hadi ya 8 iliyochimbuliwa miaka ya 1960 karibu na mji wa Bokhtar. Ilikatwa vipande ili kusafirishwa na ikaunganishwa upya baadaye. Humo pia mna michoro ya ukutani ya Wasogdia, watu wa kale wa eneo hili, na hiyo ndiyo sababu ya kutaka makumbusho haya yawe mwanzoni mwa safari. Ukishaiona ile michoro, karamu na wapanda farasi wake, utakapofika Panjakent utaweza kuzivisha zile kuta rangi zake. Ratiba nyingi huyaweka siku ya mwisho, "kama muda utaruhusu". Omba yahamishwe, na uhakikishe siku yenyewe si Jumatatu, maana makumbusho mengi ya nchi hiyo hufungwa Jumatatu.

Ngome ya Hisor, mwendo mfupi magharibi mwa Dushanbe, imo katika kila ratiba, na lango lake limechorwa nyuma ya noti ya somoni 20. Pale pana madrasa ya zamani inayotazamika, lakini ngome yenyewe imejengwa upya kwa matofali mapya kiasi kwamba mgeni hawezi kutenganisha cha kale na cha juzi. Nusu siku inatosha. Ratiba inayoipa Hisor siku nzima huku ikiipa Sarazm, makazi ya kale huko kaskazini, dakika 40 imeandikwa na mtu asiyejali historia.

Kaskazini ndiko ziara inakothibitisha bei yake. Barabara ya kutoka Dushanbe hupanda korongo la Varzob na kupenya mlima kwa handaki la Anzob, lenye urefu wa kilomita 5. Kabla halijafunguliwa mwaka 2006, theluji kwenye kipito cha juu ilikuwa ikikata mawasiliano kati ya kusini na kaskazini miezi mingi ya mwaka. Ukitoka alfajiri unafika Panjakent kwa saa nne hadi tano. Tatizo ni kwamba kampuni nyingi huchomeka ziwa Iskandarkul katikati ya siku hiyo hiyo. Ziwa ni zuri kweli, liko mita 2,195 juu ya usawa wa bahari, na jina lake ni la Aleksanda Mkuu, lakini kwenda na kurudi kwa barabara ya vumbi pamoja na chakula cha mchana hula saa nne. Unafika Panjakent giza likiingia, na kesho yake unafanya maeneo matatu kwa siku moja. Lala Iskandarkul usiku mmoja, au liache kabisa.

Sarazm iko kilomita 15 magharibi mwa Panjakent, karibu na mpaka wa Uzbekistan. Iligunduliwa mwaka 1976 na ndiyo ya kwanza ya Tajikistan kuingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2010. Watu waliishi hapo tangu milenia ya nne kabla ya Kristo wakilima, wakifuga na kuyeyusha madini, na walibadilishana bidhaa na nchi za mbali hadi upande wa Uajemi na bonde la Indus. Machoni ni misingi ya vyumba chini ya mapaa makubwa ya bati, kwa hiyo kila kitu kinategemea maelezo. Mwongozaji mzuri atakuonyesha mahali pa moto wa ibada katikati ya sakafu na kukueleza kwa nini bonde hili, lenye maji mengi na madini milimani, lilivuta watu mapema hivyo. Mwongozaji dhaifu atakusomea bango.

Panjakent ya kale iko juu ya mwinuko, mji wa leo ukiwa chini yake. Ulikuwa mji wa Wasogdia kuanzia karne ya 5, watu waliobeba biashara ya Njia ya Hariri hadi China, na uchimbaji wake uliendelea tangu miaka ya 1940. Utembelee kuanzia ngome ya mtawala, ushuke kwenye mahekalu mawili, kisha mitaa ya makazi ambako nyumba za matajiri zilikuwa na kumbi zilizochorwa ukuta hadi ukuta. Michoro yenyewe haiko pale. Mingi iko kwenye makumbusho ya Hermitage, St Petersburg, Urusi, ukiwemo mfululizo maarufu wa hadithi za shujaa Rustam kwenye rangi ya buluu, na mingine iko Dushanbe. Nenda saa mbili za mwanzo baada ya jua kuchomoza au jioni: kivuli kirefu ndicho kinachozichora kuta, na adhuhuri kila kitu kinalala bapa. Hakuna mti wala kibanda, basi maji na kofia ni vya lazima kuanzia Mei.

Hapa pana mtihani mzuri wa kumpima mwongozaji kabla hujalipa: mwulize kwa barua pepe kuhusu Mlima Mugh. Anayejua atakueleza kwamba Devashtich, mtawala wa mwisho wa Panjakent, alikimbilia ngome ya mlima huo mbele ya jeshi la Waarabu na akauawa mwaka 722, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 nyaraka zake zilipatikana humo, nyingi kwa Kisogdia. Mojawapo ni mkataba wa ndoa wa mwaka 710 unaotaja haki za mume na za mke, pamoja na masharti ya kuachana kwa kila upande. Mtu anayeweza kusimama kwenye matuta ya Panjakent na kukusimulia mkataba huo amestahili ujira wake. Kupanda Mugh kwenyewe si lazima. Ni siku nzima na huoni zaidi ya mawe.

Njiani kuelekea mashariki kuna kijiji cha Panjrud na kaburi la Rudaki, mshairi aliyefariki mwaka 941 na ambaye Watajiki humwita baba wa ushairi wao. Jengo ni la mwaka 1958. Thamani ya kituo hiki ni kumsikia mtu akighani beti zake kwa lugha yake, na karibu kila Mtajiki aliyesoma anaweza, akiwemo dereva. Mwombe.

Bonde la Yaghnob halimo katika ratiba za kawaida, nalo ni pengo kubwa. Kiyaghnobi ni lugha hai iliyotokana na Kisogdia. Mwaka 1970 na 1971 serikali ya Kisovieti iliwahamisha wakazi wa bonde hilo kwa nguvu hadi mashamba ya pamba ya Zafarobod, mahali tambarare penye joto kali, na ni baadhi tu waliorejea baadaye. Kuingia bondeni kunahitaji siku mbili za ziada, kutembea kwa miguu na punda wa mizigo. Anayependa historia na mwenye magoti mazima auze siku zake za Khujand, mji mkubwa wa kaskazini, ili apate Yaghnob.

Si kwamba Khujand haina kitu. Soko la Panjshanbe na kaburi la Sheikh Muslihiddin, yakitazamana uwanjani, yanatosha kwa asubuhi moja, na Kasri la Arbob nje ya mji, lililojengwa na shamba la ushirika la enzi za Kisovieti, ndipo Bunge lilipokutana Novemba 1992 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kumchagua Emomali Rahmon kuongoza nchi. Vita hivyo viliisha mwaka 1997. Istaravshan, kati ya Khujand na milima, ina mitaa ya zamani, madrasa ya Kok Gumbaz yenye kuba la buluu, na wahunzi wa visu. Kisu usikiweke kwenye mzigo wa mkononi.

Upande wa kusini, mkoa wa Khatlon, hupitwa mbio njiani kuelekea Pamir. Tangu mwaka 2025 maeneo ya Khuttal, dola ya kale ya upande huu, yameingia kwenye orodha ya UNESCO, yakiwemo Ajina-Teppa na kasri la Hulbuk, lililoko njiani karibu na Vose. Kuta za Hulbuk zimejengwa upya bila aibu, ila makumbusho yaliyo mkabala nayo yana plasta za kuchonga na vitu vya kasri kutoka enzi ambapo Khuttal ilikuwa na watawala wake. Ipe saa moja na nusu, kisha simama Kulob kwenye kaburi la Mir Sayyid Ali Hamadani, mwanazuoni wa Kisufi.

Sasa Pamir, na hapa ndipo mambo huharibika kwa sababu zinazojulikana kabisa.

Kwanza kibali. Mkoa Unaojitawala wa Badakhshan ya Milimani, kwa kifupi GBAO, hauingiliki kwa viza peke yake. Unaweza kukiomba pamoja na viza ya mtandaoni kwa nyongeza ya ada, au kampuni ikakuchukulia. Hakikisha wilaya zote zimetajwa, hasa Ishkoshim na Murghob, kwa sababu askari wa vizuizi husoma orodha hiyo. Toa nakala sita au saba za pasi na kibali. Vizuizini hunakili majina kwa mkono, na karatasi ya kuwaachia hupunguza kusubiri. Ziwa Sarez, lililozaliwa na tetemeko la mwaka 1911 lililoangusha mlima mzima mtoni, lina kibali chake cha pekee, na kampuni inayokuahidi Sarez bila kukitaja hicho usiiamini. Waulize pia wanafanya nini mkoa ukifungwa ghafla: ulifungiwa watalii mwaka 2022 baada ya machafuko, na jibu la kurejeshewa pesa linapaswa kuwa kwenye mkataba.

Pili mwinuko. Ratiba nzuri hupanda polepole: Qalai Khumb kwenye mita 1,200 hivi, Khorog, mji mkuu wa mkoa, 2,100, Ishkoshim 2,500, Langar karibu na 3,000, kisha Murghob 3,600, na mwisho kipito cha Ak-Baital, mita 4,655. Ratiba mbaya huanzia mji wa Osh nchini Kirgizistan, chini ya mita 1,000, na kukulaza kijiji cha Karakul, juu ya mita 3,900, usiku wa kwanza au wa pili. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni vya kawaida kwa kupanda hivyo, na mtu anayeanza kuyumba, kukohoa povu au kuchanganyikiwa lazima ashushwe usiku huo huo, wala asingojee asubuhi. Tatizo ni kwamba Karakul imezungukwa na vipito virefu kuliko yenyewe: ili ushuke, unalazimika kwanza kupanda. Ndiyo maana mwelekeo wa Dushanbe hadi Osh ni salama kuliko kinyume chake, hata kama kampuni itakuambia ni sawasawa. Muulize daktari wako kuhusu asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kabla ya kuondoka.

Tatu ni barabara. Dushanbe hadi Khorog kwa njia ya Kulob ni zaidi ya kilomita 500, na kuna ratiba zinazodai kuimaliza kwa siku moja. Ni saa 14 au zaidi, na ujenzi kati ya Qalai Khumb na Rushon umekuwa ukifunga njia saa kadhaa mchana. Gawa kwa siku mbili na ulale Qalai Khumb. Kwa mamia ya kilomita utaendesha kando ya mto Panj, Afghanistan ikiwa ng'ambo karibu kiasi cha kuona watu wakivuna. Usipige picha askari, vizuizi wala madaraja.

Bonde la Wakhan ndilo kilele cha sehemu ya pili, na kosa la wengi ni kulikimbia kwa usiku mmoja. Chukua mitatu. Kuna ngome ya Kahkaha huko Namadgut, yenye asili ya enzi za Wakushani, dola ya kale ya Asia ya Kati, na ngome ya Yamchun iliyoning'inia juu ya korongo. Juu yake kidogo ni chemchemi ya maji moto ya Bibi Fatima, ambako wanaume na wanawake huingia kwa zamu, bila nguo, kwa dakika chache. Huko Yamg kuna nyumba ya makumbusho ya Mubarak Wakhani, mshairi na mwanazuoni wa karne ya 19, pamoja na jiwe alilotoboa ili kupima kwa jua siku ya Navruz, yaani mwaka mpya. Ufunguo hukaa kwa mtu wa kijijini, na asipopigiwa simu kabla, utakuta mlango umefungwa naye yuko shambani. Mambo kama hayo ndiyo kazi ya mwongozaji. Juu ya Langar kuna maelfu ya michoro iliyochongwa miambani, mbuzi wa milimani na wawindaji na hata ala ya muziki ya nyuzi, rubob. Kupanda ni kukali, karibu saa nzima, na kwa masikitiko utaona majina ya watu wa leo yamechongwa juu ya michoro ya kale.

Malazi huku ni nyumba za wenyeji, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu bora ya ziara yote. Wapamiri wengi ni Waismailia, na nyumba yao, inayoitwa chid, ni kitabu cha imani: nguzo tano hubeba majina ya Muhammad, Ali, Fatima, Hasan na Husein, na dari la kati, chorkhona, lina miraba minne inayopandana kuelekea kwenye tundu la mwanga, ikiashiria udongo, maji, hewa na moto. Muulize mwenye nyumba akueleze mwenyewe, mwongozaji atafsiri. Hapo pia utagundua kama mwongozaji anafaa: Kiwakhi na Kishughni si Kitajiki, na Murghob wengi ni Wakirgizi, kwa hiyo bila Kirusi anakwama. Vua viatu mlangoni na ukubali shirchoy, chai ya maziwa yenye chumvi na siagi. Usiku mmoja pamoja na chakula cha jioni na asubuhi huwa kama dola 15 hadi 25 za Marekani kwa mtu. Choo kiko nje na maji ya moto si ya kila siku. Mboga hupungua kadiri unavyopanda, na mashariki ya mbali ni mkate, chai, viazi na nyama ya kondoo au ya yak, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Asiyekula nyama aseme wakati wa kulipa arbuni, kwani Murghob itakuwa imechelewa.

Gari likaguliwe kabla ya kutoka Khorog: matairi mawili ya akiba, pampu, kamba ya kuvutia, na dizeli ya kutosha kuvuka kutoka Ishkoshim hadi Murghob, kwa kuwa mafuta ya vijijini huuzwa kwa ndoo na uchafu wake huziba chujio. Watu watatu nyuma ndio mwisho. Kampuni ikiweka wanne, yule wa viti vya nyongeza haoni chochote na hulipa sawa na wenzake. Pesa taslimu zichukuliwe Khorog, somoni za noti ndogo, kwani baada ya hapo usitegemee mashine wala kadi. Dola moja imekuwa ikicheza kati ya somoni 9 na 11 miaka ya karibuni.

Kuhusu msimu, Pamir ni Juni hadi Septemba. Kaskazini ni bora Aprili, Mei na Septemba. Julai tambarare za kusini hupita nyuzi 40 na huwezi kusimama kwenye magofu. Anayetaka vyote viwili achague Septemba. Julai ina hatari nyingine, kuyeyuka kwa theluji na maporomoko ya matope: mwaka 2015 poromoko la Barsem, kwenye bonde la Gunt juu ya Khorog, liliziba mto, likaunda ziwa na kuifunika barabara kuu. Kwa sababu hiyo ratiba yoyote inayorudi Dushanbe kwa gari jioni ya kuamkia ndege ya kurudi nyumbani ikataliwe. Taka siku moja tupu ya akiba mwishoni, iandikwe kwenye mkataba pamoja na anayelipia hoteli yake. Njia ikiwa wazi, siku hiyo itumie kurudi makumbusho ya mambo ya kale mara ya pili.